Nyongeza ya Nautilus haionekani kwenye menyu, Ubuntu 24.04

Swali: Wakuu, nina nyongeza ya Nautilus (programu ya mafaili ya Ubuntu). Ni faili moja la .py (Python), nimeliweka ~/.nautilus/extensions. Nikibofya kulia, menyu ni ile ile na hakuna ujumbe wa kosa. Nakosea wapi?

Jibu: Folda siyo hiyo. Lihamishie ~/.local/share/nautilus-python/extensions (kama haipo, iunde kwa `mkdir -p`). Kisha `sudo apt install python3-nautilus`. Bila kifurushi hicho Nautilus haisomi faili la .py kabisa, ndiyo maana iko kimya. Malizia na `nautilus -q` ili kuizima Nautilus, kisha uifungue upya. Kufunga dirisha tu hakutoshi, programu hubaki hai nyuma ya pazia.

Muulizaji: Tayari mkuu. Nikiiwasha Nautilus kwenye terminal inatoa: `get_file_items() missing 1 required positional argument: 'files'`

Jibu: Hapo nyongeza ni ya kizamani. Tangu Nautilus 43, hoja ya `window` haipitishwi tena kwa `get_file_items`. Tafuta mstari huu:

`def get_file_items(self, window, files):`

Futa `window,` tu. Kwenye `get_background_items` vivyo hivyo. Ukikuta `require_version('Nautilus', '3.0')`, weka `'4.0'`. Ila kama nyongeza inaita Gtk 3.0 (GTK ni maktaba ya kuchora madirisha na vitufe; Nautilus hii inatumia GTK 4), usihangaike na viraka, tafuta toleo jipya. GTK 3 na GTK 4 hazikai ndani ya programu moja.