Vyuo vya Mtwara vipokee fedha za kampuni za gesi?

Ndugu zangu, naomba niingie katikati ya mabishano haya. Mdogo wetu wa mwaka wa pili amesema vyuo vya Mtwara vijitenge na kampuni za gesi kama walivyofanya Ulaya. Akajibiwa kwa ukali, maana kwao ni Msimbati, kijiji inakotoka gesi: "Mama yako Msimbati anapikia kuni, wewe unakataa gesi?" Nimewaelewa wote wawili, ila naona hawajaligusa jambo lenyewe.

Tuanze na hao wa Ulaya. Mwaka 2014 Glasgow kilikuwa chuo kikuu cha kwanza Ulaya kuamua kuondoa fedha zake katika kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe. Cambridge kikaamua 2020, kikajipa muda hadi 2030. Harvard cha Marekani kikatangaza 2021, kikiwa na mfuko wa zaidi ya dola bilioni 40. Sasa sisi? Vyuo vyetu vinaendeshwa kwa ada, na korosho ikiharibika, dirisha la mhasibu ndilo la kwanza kujua. Kukiambia chuo cha hapa kiuze hisa za mafuta ni kumtaka mpangaji auze nyumba.

Lakini wanafunzi wa kule walijua kwamba hisa ukiiuza, mwingine atainunua. Walichotaka kuinyima kampuni ni heshima ya kusimama kando ya jina la chuo. Hapo mdogo wetu ana hoja. Sisi hatuna hisa, ila nembo za kampuni tunazo: kwenye fulana za siku ya mazingira, kwenye bango la kupanda mikoko, kwenye barua za ufadhili. Niliwahi kumsimamia mwanafunzi aliyetaka kuandika tasnifu juu ya wavuvi wanaoishi jirani na visima vya gesi. Alikuwa na maswali mazuri mno. Mwezi mmoja baadaye akaja na mada mpya, huduma kwa wateja katika benki. Nikamwuliza kulikoni, akasema anayemlipia ada ni kampuni ya gesi. Hakuna aliyemtisha. Lile swali alilizika mwenyewe, na mpaka leo linaniuma.

Wanaosema gesi yenyewe tuikatae, siko nao. Gesi ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, iligunduliwa 1982. Mwaka 2013 Mtwara ilisimama ikasema "gesi haitoki", watu wakafa, na bomba la zaidi ya kilomita 500 likajengwa hadi Dar es Salaam. Nenda kamwambie aliyezika ndugu yake mwaka ule kwamba gesi ile haifai.

Wala siko na wanaosema tabianchi ni habari ya Wazungu. Aprili 2019 tulikaa roho juu tukisubiri kimbunga Kenneth, kikaangukia ng'ambo ya mto Ruvuma, Cabo Delgado nchini Msumbiji. Mei 2024 ikaja Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika huko Kilwa. Na mkulima wa Newala anajua mvua ikinyesha mikorosho imechanua, hasara yake ni nini.

Kwa hiyo nasema hivi: fedha ya gesi isomeshe watoto wetu, ila isitoke mkononi mwa kampuni. Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni kwa mujibu wa sheria. Fungu la ushuru wa gesi liwe ada ya watoto wa Msimbati na Madimba. Mtoto akisomeshwa kwa haki yake, ataandika tasnifu anayoitaka. Fulana na mabango chuo kiyakatae. Na kabla ya kuandamana kwa ajili ya Harvard, tupite nyuma ya bwalo letu: serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mpishi anayekohoa moshi kila alfajiri kwa ajili ya uji wetu, mbona hatajwi kwenye mjadala huu?

Najua nitaulizwa: halmashauri nayo ya kuaminiwa? Mara nyingi hapana. Lakini diwani nampigia kura, na kwenye mkutano nitasimama nimwulize fedha zimekwenda wapi. Meneja wa kampuni nitamwulizia mkutano gani? Anayeona njia nyingine aiseme, nasubiri.