Mnyama wa nembo ndiye mnyama wa taifa?

Swali: Wakuu, naandaa bango la wanyama wa taifa na kila orodha inasema lake. India wengine wanaandika simba, wengine chui milia. Marekani mara tai, mara baisani (nyati wa Amerika). Nifuate ipi?

Jibu: Mkuu, orodha hizo zinachanganya mnyama aliyechorwa kwenye nembo, aliyetangazwa rasmi na aliyezoeleka tu. India nembo ni simba wa Ashoka (mfalme wa kale wa India), tangu 26 Januari 1950. Mnyama wa taifa ni chui milia, aliyeshika nafasi ya simba mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nembo haikuguswa. Marekani wote wawili ni sahihi: tai mwenye kichwa cheupe yumo kwenye muhuri wa taifa tangu 1782, lakini sheria ya kumfanya ndege wa taifa ilitiwa saini Desemba 2024 tu! Baisani ni mamalia wa taifa kwa sheria ya 2016. Kwa hiyo ongeza safu ya hadhi (nembo, sheria au mazoea), na kwa kila mwaka unaouandika useme ni mwaka wa nini. Mwaka usio na maelezo ndio unaozaa mabishano.

Jibu: Naongezea: usichore ramani ya makazi kwa kufuata alama. California ilimfanya dubu wa kahawia kuwa mnyama wa jimbo mwaka 1953, ilhali wa mwisho kuuawa humo anahesabiwa ni wa 1922. Mauritius ina dodo kwenye nembo, ndege aliyetoweka karne ya 17.

Jibu: Picha nazo mzikague. Korongo taji wa Uganda shingo yake ni ya kijivu na shavu karibu lote ni jeupe. Ukiona shingo nyeusi na wekundu mwingi shavuni, huyo ni korongo taji mweusi, spishi nyingine kabisa. Kwenye bendera anatazama upande wa mlingoti, mguu mmoja juu. Programu ya kupanga kurasa ikigeuza picha ili ikae vizuri, umeharibu bendera ya watu.

Swali: Asanteni sana. Na twiga wa Tanzania nimwandike "nembo"?

Jibu: Hapana. Nembo ya Tanzania ina mwanamume, mwanamke na pembe za ndovu, twiga hayumo. Andika "mazoea", isipokuwa uwe na sheria yenyewe mkononi.