Waya wa sapakondakta umejaa shaba, kwa nini?

kijana_wa_volti: Wakuu habari zenu, nimeona picha ya waya wa sumaku ya MRI (ile mashine ya hospitali ya kupiga picha ndani ya mwili) uliokatwa, sehemu kubwa ni shaba tupu, niobi-titani yenyewe, yaani ile aloi ya sapakondakta, ni vidoti tu ndani. Sasa kama sapakondakta ukinzani wake ni sifuri hiyo shaba inafanya nini humo? Au ndo tunapigwa?

fundi_koili: Hupigwi mkuu. Shaba ni mchepuko 😂 na hapa mchepuko ni dili. Kwenye Kelvini 4 (kama nyuzi -269 za Selsiasi) metali inapanda joto kwa kitu kidogo ajabu, yaani waya ukisogea mikromita chache tu kwa kusukumwa na sumaku yenyewe, ule msuguano unatosha kuipasha ile sehemu hadi sapakondakta igome, yaani ianze kuwa na ukinzani, na ikigoma niobi-titani ni mbovu kupitisha umeme kuliko shaba, mbali sana. Bila shaba joto linasambaa koili nzima. Ikiwepo, umeme unahamia kwenye shaba, heliamu ya kimiminika inayozunguka koili inapoza, pakishapoa umeme unarudi njia kuu.

Kelvini4: Ongezea na wembamba. Zile waya za sumaku kubwa za LHC, mashine ya kugonganisha chembe pale CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Ulaya, zina vinyuzi vya mikromita 6 hadi 7, unywele wako ni mara kumi ya hapo. Kinyuzi kikiwa kinene usumaku unaingia ndani kwa kushtukiza na kukipasha, ndo maana wanavigawa maelfu halafu wanavisokota.

kijana_wa_volti: Kumbe! Sasa mbona mashine bado zinazima ghafla?

mama_wawili: Zinazima sana tu, nilipofanya kazi zamani ya kwetu ilizima usiku, bomba la juu ya paa likatoa moshi mweupe kama treni ya makaa, mlinzi akakimbia akiita zimamoto. Heliamu yote ikaenda hewani, na bei yake usiulize.

fundi_koili: @kijana_wa_volti shaba inaokoa vurugu ndogo tu. Septemba 19, 2008 huko LHC tatizo halikuwa hata kwenye koili, ni kiungo cha nyaya kati ya sumaku mbili, kilikuwa na ukinzani kidogo na shaba yake haikushikana vizuri. Kikapata moto, umeme karibu ampea 9,000 ukakosa pa kuchepukia, ukaruka cheche ikatoboa chombo cha heliamu. Sumaku zaidi ya 50 zilitolewa chini ya ardhi, mashine ikalala mwaka na zaidi.