Je, roboti ya kupandikiza nywele inafikia mkono wa daktari bingwa?

Mtanga wa Maskati aliuliza:

Habari zenu ndugu zangu. Nina umri wa miaka 38, mzaliwa wa Tanga, na kwa sasa nafanya kazi Maskati. Upara ulinianza kwenye pembe za paji la uso nikiwa na miaka 27, na hivi sasa umekwisha kufika utosini. Nimejiwekea akiba kwa ajili ya kupandikiza nywele, lakini ushauri niliopewa unagongana. Kliniki moja inanihimiza nifanyiwe na roboti, kwa hoja kwamba mashine haichoki wala haitetemeki. Daktari mwingine, ambaye hufanya kazi hiyo kwa mkono, amenisihi nisikubali. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nami nashindwa kujua ni nani kati yao anayekifikiria kichwa changu. Nywele zangu ni za kipilipili, na marehemu baba alikuwa mtu wa makovu ya kuvimba, hata akijikata kidogo kwa kiwembe. Naomba majibu ya wenye ujuzi na ya waliokwisha kulipitia jambo hili.

Nesi wa Upasuaji alijibu:

Kaka, pole kwa mashaka hayo. Nimefanya kazi ya nywele Dubai kwa miaka sita, mahali palipokuwa na roboti na madaktari wa mkono pia.

Roboti inayotajwa mara nyingi ni ARTAS, iliyobuniwa na kampuni ya Restoration Robotics ya California. Mwaka 2011 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiruhusu itumike kutoa mashina ya nywele kwa wanaume wenye nywele za singa, nyeusi au za kahawia. Lishike sana neno hilo la singa, kwa sababu ndilo linalokuhusu. Kamera zake huutazama unywele mmoja mmoja, kompyuta hupiga hesabu ya pembe unakotokea, kisha sindano kali hukata ngozi kijuujuu, na mrija butu hushuka ukizunguka ili kuliachanisha shina na nyama. Roboti haimalizi yenyewe kazi ya kutoa: ni sisi wasaidizi tuliokuwa tukiyavuta mashina kwa koleo ndogo, moja baada ya jingine, na kuyatunza katika maji ya chumvi yaliyopoozwa. Toleo la mwaka 2018 liliongezewa uwezo wa kupandikiza, ingawa pale nilipokuwa kazi hiyo iliendelea kufanywa kwa mikono.

Katika nywele za singa, nasema bila kusita kwamba roboti hufanya kazi nzuri, na humshinda daktari asiye na uzoefu. Tundu la elfu moja na mia tano hutoka sawasawa na la kwanza, jambo ambalo mkono wa binadamu hulipata kwa shida baada ya saa nne za kuinama. Lakini weka shina la nywele za kipilipili chini ya darubini uone: juu ya ngozi unywele unaelekea upande mmoja, na chini yake shina limepinda kama ndoana. Kamera inaona kilicho juu tu. Chombo kikishuka wima hulikata shina katikati, na shina lililokatwa huenda lisiote kabisa pale linapopandwa. Daktari mmoja niliyemsaidia alikuwa akitoa mashina kumi ya kwanza, anayasogeza kwenye taa, anayatazama yote, halafu anabadilisha pembe ya mkono wake na kina anachoshuka kabla ya kuendelea. Alikuwa akisema anausikia ukinzani wa ngozi vidoleni mwake. Sijaiona roboti ikifanya hivyo.

Mwenye Singa alijibu:

Mimi nilifanyiwa na roboti Istanbul, miezi kumi na minne iliyopita, mashina 1,800. Kisogoni, zilikotolewa nywele, hakuna anayeona alama, isipokuwa nikinyoa kipara. Wiki ya tatu nywele zilizopandwa zilipukutika nikaingiwa na huzuni kubwa, kumbe ndivyo inavyokuwa. Mwezi wa nne zikaanza kuchomoza. Kinachoniuma ni mstari wa mbele, ambao umenyooka kama uliopigwa rula na umeshuka mno kwa mtu wa umri wangu. Haukuchorwa na roboti. Ulichorwa kwa kalamu asubuhi ileile ya upasuaji, na msaidizi ambaye sikupata hata kumwuliza kama ni daktari. Yule daktari niliyezungumza naye kwa simu sikumwona tena.

Daktari wa Ngozi, Dar es Salaam, alijibu:

Ndugu Mtanga, aliyoyasema Nesi kuhusu shina lililopinda ni sahihi, na ndiyo sababu Sanusi Umar, daktari wa ngozi anayefanya kazi California, alibuni chombo maalumu cha kutolea nywele za aina yetu, kinachoongozwa na mkono.

Roboti inashindana na daktari katika hatua chache tu za kazi hii. Tangu Norman Orentreich wa New York aanze kupandikiza nywele mwaka 1952, tunajua kwamba nywele za kisogoni zikihamishwa huendelea na tabia ya kule zilikotoka. Lakini kisogo ni ghala lisilojazwa tena. Upara wako bado unasonga. Anayekushughulikia inampasa akifikirie pia kichwa utakachokuwa nacho ukiwa na miaka 55: atoe kiasi gani, abakize kiasi gani, mstari uanzie wapi. Kompyuta inaweza kukuchorea picha ya matokeo, lakini uamuzi huo ni wa mtu.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni makovu ya baba yako. Maelfu ya vitundu ni maelfu ya vidonda, viwe vya roboti au vya mkono. Mwombe daktari atoe mashina machache nyuma ya sikio, mahali pasipoonekana, na msubiri miezi kadhaa muone ngozi inavyopona. Akikataa kusubiri, mwache. Aidha, athibitishe kwanza kwamba huo ni upara wa kawaida wa wanaume, maana yapo maradhi yanayoua mashina kwa makovu, na kupandikiza wakati yanaendelea ni kupoteza bure nywele zenye afya.

Mtanga wa Maskati alijibu:

Daktari, Nesi, na ndugu Mwenye Singa, nawashukuru kwa dhati. Leo nimeipigia simu kliniki ya roboti na kuwauliza wamewahudumia watu wangapi wenye nywele za kipilipili. Nimejibiwa kwamba mashine inafaa nywele zote. Nitaanza na jaribio la nyuma ya sikio kwa daktari wa mkono. Nimwulize nini siku hiyo?

Nesi wa Upasuaji alijibu:

Mwombe akuonyeshe sahani ya mashina kabla hayajapandwa, na akuhesabie mangapi yamekatika. Daktari anayejiamini atakusogezea na darubini uangalie mwenyewe.