Nimeweka maktaba ya kulinda kumbukumbu kwenye lugha ya C, programu bado inakufa. Nihamie maktaba ipi?

safu_ndefu: Wakuu, naombeni ushauri, usingizi sipati. Nina programu ya C inayopokea jumbe za mtandaoni. Safu zote (orodha za data) zinapitia maktaba saidizi: kila moja inabeba urefu wake, na kila usomaji unakaguliwa usivuke mpaka. Bado ikifika saa ya tano au ya sita inakufa, au inatoa jumbe zilizochanganyika. Maktaba ipi bora zaidi?

kutu_kidogo: Hamia lugha ya Rust. Toleo 1.0 lilitoka 2015, kompaila (kitafsiri cha msimbo) inakukatalia makosa ya kumbukumbu mapema.

sifuri_ya_mwisho: Mimi nilikomeshwa na strncpy, amri ya C ya kunakili maneno. Kumbe maneno yakijaza nafasi yote, haiweki sifuri ya kufungia. Siku tatu natafuta kosa, lipo kwenye mstari niliouandikia maoni "salama".

bi_kompaila: Rust hakuuliza. Mkuu, kuna mahali unashika pointa (anwani ya data kwenye kumbukumbu) nje ya maktaba?

safu_ndefu: Sehemu moja tu. Naichukua pointa ya kipengele na kuitunza, nisikaguliwe kila mzunguko. Nilipima, kasi inapanda sana. Hapo hapana tatizo.

bi_kompaila: Hapo ndipo penyewe. Safu ikijaa, maktaba inaita realloc, amri ya kupanua nafasi, nayo huweza kuhamisha kila kitu. Pointa yako inabaki inabisha hodi kwenye nyumba waliyokwishahama. Tunza namba ya nafasi, si anwani.

safu_ndefu: Imeenea mafaili 30, dada. Si nitenge safu kubwa tangu mwanzo isijae?

mlinda_lango: Heartbleed, udhaifu uliotangazwa 2014, ulitokea kwa sababu OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano, iliamini urefu uliotajwa na mtumaji. Hadi kilobaiti 64 kwa ombi moja zikavuja. Safu yako ataijaza mtu usiyemjua.

haki_ya_shaka: Sehemu moja, sasa mafaili 30? Uzi wa kutunga huu. AddressSanitizer, zana ya kunasa makosa ya kumbukumbu, imo ndani ya kompaila ya GCC tangu toleo 4.8, hujawahi kuiwasha?

safu_ndefu: Sijatunga. Inachukuliwa sehemu moja, inapitishwa kwenye mafaili 30. Sikuiwasha kwa kuwa programu inakuwa nzito karibu mara mbili.

bi_kompaila: Iwashe kwenye majaribio tu: -fsanitize=address -g. Anza na safu ndogo, mimina jumbe kwa mpigo ijae haraka.

safu_ndefu: Dakika nne imenasa: heap-use-after-free, yaani kutumia kumbukumbu iliyokwisha kuachiwa, na aliyeiachia ni realloc. Naanza na faili la kwanza.