Kwa nini watu wa presha na sukari siku hizi wananunua dawa mtandaoni na kemisti ziko kila kona?

BintiWaLuanda, Kisumu

Wadau habari zenu. Naomba mnieleweshe jambo moja. Mamangu ana presha na sukari miaka mingi sasa, yuko nyumbani Luanda, Vihiga, anameza amlodipine na losartan za presha na metformin ya sukari kila siku, na juzi daktari amemwongezea insulini. Ndugu yangu mkubwa yuko Nairobi na yeye ndo hununua dawa zote, anaoda kwa simu, analipa na M-Pesa, mzigo unawekwa kwa matatu hadi steji ya Luanda halafu mtu wa boda anampelekea mama. Mimi roho haitulii. Hapa Kisumu ukitoka Kondele hadi Nyamasaria kemisti hazihesabiki, hata Luanda hazikosi, sasa dawa ya mtu mzima inatoka kwa mtu hatujawahi kumwona kwa nini? Nikimuuliza ananiambia "wewe hujui mama alikuwa anapitia nini". Halafu nimekuja kugundua hata kazini kwetu wako wengi wanaonunua hivyo na hawasemi. Sitaki kukosana na yeye. Nataka kujua kama ni salama, na ni nini haswa kinasukuma watu wenye ugonjwa wa kudumu huko.

JaSiaya

Dada mimi ni mtu wa presha, wacha nikwambie vile mambo huwa. Siku ya kliniki unaamka alfajiri, unapanda matatu, unakaa foleni mpaka mchana, daktari anakuona dakika chache, unafika kwa dirisha la dawa unaambiwa hii moja iko, hizi mbili hakuna, nenda ununue nje. Sasa unaanza kuzunguka mjini na karatasi mkononi. Kemisti ya kwanza iko na 5mg na wewe umeandikiwa 10, ya pili wako nayo lakini ya kampuni ingine na bei ni karibu mara mbili, ya tatu anakwambia rudi kesho italetwa. Kesho gani na nauli imeisha? Unarudi nyumbani na nusu ya dawa, na presha yenyewe haiumi, kwa hivyo unajiambia utameza moja leo moja kesho kutwa ndo zifike mwisho wa mwezi. Hapo ndo watu wengi huanguka stroku.

Mtu wa malaria hiyo safari anaipitia mara moja anapona anasahau. Sisi ni kila mwezi mpaka tuingie kaburini. Mtandaoni angalau naona bei kabla sijatoa pesa, naona kama iko stoki, na naweza kuchukua ya miezi 3 nikiwa nimeuza kitu. Si uvivu, na si eti tumekuwa watu wa kisasa. Ni kuchoka.

Nyar_Bondo

Hapo kwa kuchoka umenena. Mimi wangu ni mtoto wa sikoseli (selimundu), na mnajua huku kando ya ziwa hawa watoto ni wengi. Folic acid na Paludrine ya kuzuia malaria napata popote. Shida ni hydroxyurea. Kemisti ndogo nyingi hawaiweki manake kwao haitoki haraka, itakaa kwa shelfu hadi iexpaya, na mimi siwalaumu, ni biashara. Lakini mtoto wangu hawezi kungoja biashara iwe nzuri. Tangu aanze hiyo dawa yale maumivu ya mifupa yamepungua kabisa, anaenda shule kama wenzake, mimi nikisikia stoki imeisha silali. Kwa hivyo ndiyo, naoda mbali na sioni aibu.

Kitu kingine watu hawasemi ni macho ya watu. Ukienda kemisti ya mtaani kila mwezi na karatasi ile ile, unaita jina la dawa kwa sauti na nyuma yako kuna jirani, kesho mtaa mzima unajua mtoto wako ana nini na wanaanza kumhesabia miaka. Watu wa kifafa na wa dawa za akili hii inawauma zaidi. Karatoni iliyofungwa haisemi kitu.

Mulembe_K, Kakamega

Mimi siungi mkono. Mjomba wangu alinunuliwa dawa za presha kwa mtu wa WhatsApp, bei ilikuwa chini sana, zikaja tembe zimetolewa kwa stripi zake zimefungwa na karatasi ya kaki, hakuna jina, hakuna bachi namba, hakuna tarehe. Akameza na presha ikapanda tu hadi akalazwa. Shirika la Afya Duniani walisema 2017 kwamba katika nchi kama zetu karibu dawa 1 kati ya 10 ni bandia au chini ya kiwango. Na mwaka 2024 walitoa onyo ya Ozempic feki iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Kama huko inapenya, itakuwaje kwa karatoni iliyorushwa juu ya matatu? Kemisti ya mtaani nikiuziwa mbaya najua mlango wa kubisha.

Mfamasia_Nax, Nakuru

Nimekaa nyuma ya kaunta miaka, wacha niingilie.

Mulembe pole sana kwa mjomba. Ila hiyo 1 kwa 10 ni ya dawa zote, hata za kaunta na za hospitali, haikuwa ya mtandao peke yake. Tofauti kubwa ni nani anauza. Kuna famasia halali, iko na jengo, iko na mfamasia mwenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu, na pia inachukua oda kwa simu. Halafu kuna mtu tu na picha za dawa kwa WhatsApp. Hao wawili msiwaweke kapu moja. Famasia halali ina koodi ya usalama ya Bodi ambayo unaweza kuihakiki kwa esmes, na itakuuliza karatasi ya daktari kabla ikutumie losartan au insulini. Ukiona mtu anakuuzia insulini bila kuuliza swali hata moja, achana naye hata kama bei ni tamu.

BintiWaLuanda, tembe za mama hazinipi wasiwasi zikija kwa boksi lake, stripi nzima, tarehe inasomeka. Zinasafiri vizuri. Insulini ndo ingine kabisa. Kabla ifunguliwe inatakiwa kati ya digrii 2 na 8, na matatu ya kutoka Nairobi ikisimama juani hapo steji, ndani ya buti ni jiko. Hiyo inunuliwe karibu, Kisumu au hapo Luanda penyewe, ibebwe kwa kulabox.

Na kuna jambo mimi huona linapotea, na ndilo hunisumbua kuliko hata dawa feki. Mtu akianza kuletewa dawa nyumbani anaacha kliniki. Anameza dosi ile ile miaka na hakuna anayempima. Metformin na losartan zinataka figo ziangaliwe mara kwa mara, sukari inataka kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi 3, si kudunga kidole peke yake. Nyar Bondo, hydroxyurea inaweza kushusha damu, kwa hivyo hemogramu ya mtoto, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu, usiiruke hata akiwa anacheza vizuri.

JaSiaya, hiyo ya kuzunguka mjini naielewa, lakini jaribu hii: chagua kemisti moja, waachie namba yako na orodha ya dawa, waambie utakuja tarehe fulani kila mwezi. Sisi tukijua kuna mtu atanunua kwa hakika tunaagiza. Wengi hawaulizi, wanaondoka tu tukisema hakuna.

JaSiaya

Hiyo sikuwa nimefikiria, nitajaribu. Lakini daktari, bei je? Si nyinyi pia mnapandisha.

Mfamasia_Nax

Wengine ndiyo, siwezi kukataa. Uliza jeneriki. Sema "nataka amlodipine", usitaje jina la kampuni, halafu ulinganishe na ya mtandaoni, na kama yetu iko juu sana tuambie, mara nyingi tunashuka.

BintiWaLuanda

Asanteni sana, kweli nimeelewa vitu. Nimempigia mama saa hii. Tembe ziko sawa, maboksi yake yamefungwa. Insulini ilikuja Jumanne kwa karatoni pamoja na tembe, bila barafu, na nyumbani hakuna friji. Ni ile iliyochanganywa tayari, Mixtard. Ashaanza kuitumia. Aitupe?

Mfamasia_Nax

Asitupe bado, na asikose dosi ya leo. Mwambie aizungushe chupa polepole katikati ya viganja, asiitikise. Ikiwa nyeupe sawasawa kote iko vizuri kwa macho, ikibaki na mabonge au vitu vimeganda kwa kuta za chupa hiyo ni ya kutupa, apelekewe ingine leo leo. Hata kama inaonekana sawa, macho hayawezi kuona kama nguvu imepungua, kwa hivyo apime sukari asubuhi na jioni wiki hii na aandike. Ikianza kupanda bila sababu ya chakula, chupa ibadilishwe na aende kliniki na hiyo karatasi.

Friji isimtishe. Mwaka 2021 MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti wakitumia joto la nyumba za Dagahaley, kule kambi ya wakimbizi ya Dadaab, digrii 25 usiku hadi 37 mchana, na insulini ikabaki na nguvu wiki 4. Atafute chungu cha udongo, aweke mchanga uliolowa ndani, chupa iwe kwa kikopo kisichoingiza maji, kivulini, mbali na jiko. Aandike kwa chupa tarehe aliyofungua, wiki 4 zikiisha aanze mpya hata kama imebaki. Na asikubali mtu amwekee kwa barafu moja kwa moja, ikiganda imeharibika.

BintiWaLuanda

Chungu kiko. Namtuma mtoto wa jirani sahii, na ndugu yangu nimemtumia hizi zote asome. Insulini nitakuwa nachukua mimi hapa Kisumu, tembe aendelee.