Acheni kuwaambia wanaoanza kuchomelea kwamba stendi ya injini ni kazi rahisi

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Kila anayenunua mashine yake ya kwanza ya kuchomelea anaambiwa maneno yaleyale: anza na stendi ya injini, ni skwea paipu chache tu, utajifunzia humo humo. Nami niliambiwa hivyo na watu wanaojiita mafundi, nikawaamini. Juzi injini ya silinda nne imeanguka kutoka kwenye stendi niliyoichomelea mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa amechuchumaa pale, mkono chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akitafuta nati ya kumwagia oili. Alikuwa ameutoa mkono kuchukua spana ndipo kikasikika kitu "tak!" na mzigo wote ukawa chini. Sampu imebonyea, na blok imevunjika sikio moja la kufungia giaboksi.

Hivi mnajua injini inakaaje kwenye stendi? Haikai juu yake kama juu ya meza. Inafungwa kwa bolti upande mmoja, upande wa giaboksi, kwenye sahani ya chuma iliyochomelewa kwenye paipu tunayoiita shingo, halafu yote inaning'inia hewani. Chukua injini ya kilo 150, uzito wake ukae sentimita 30 mbele ya sahani: shingo ya stendi inabeba nguvu sawa na mtu wa kilo 45 anayening'inia kwenye ncha ya bomba la mita moja. Mchana na usiku, na kila ukiizungusha inatikisika. Mshono wa juu wa shingo unavutwa muda wote, na ndio uliopasuka wangu. Hiyo ndiyo kazi mnayompa mtu ambaye hata kuwasha rodi, kile kijiti cha kuchomelea, bila kunata kwenye chuma bado hajui!

Niliponyanyua kile kipande kilichong'oka, niliona kitu ambacho sitakisahau. Ukingo wa paipu ulikuwa mzima, mnyoofu, na lile gamba jeusi la kiwandani bado lipo. Mshono wangu haukuwahi kuingia kwenye chuma. Ulikuwa umelala juu yake tu.

Kwa nini? Kwa sababu niliambiwa "tumia rodi ya milimita 2.5, weka ampia 60, usije ukatoboa". Sahani ya stendi ni ya milimita 10! Chuma kinene hivyo kinanyonya joto lote, na ampia 60 haziwezi kukiyeyusha ipasavyo. Hakuna aliyeniambia nielekeze moto zaidi kwenye sahani kuliko kwenye paipu. Hakuna aliyeniambia nisafishe gamba na kutu kwanza. Halafu likaja lile lililoniudhi kuliko yote: "piga grenda mshono uwe bapa, upendeze kwenye picha." Nikapiga. Nilikuwa naondoa kwa mikono yangu nyama ileile iliyotakiwa kushika mzigo. Nikapaka rangi, nikatuma picha, mkanisifu.

Muuza chuma naye ana lake. Aliniambia paipu ni ya milimita 3. Nimepima baada ya ajali, haifiki hata 2. Pimeni wenyewe kabla ya kulipa.

Na wewe uliyenishauri nitumie paipu za mabati kwa sababu hazishiki kutu: zinki iliyopakwa juu yake ikiungua inatoa moshi unaomwangusha mtu kwa homa na baridi saa chache baadaye. Bahati nzuri hilo sikulifuata.

Ninachotaka ni mtu aambiwe ukweli kabla hajanunua chuma. Achomelee kwanza vipande viwili, abane kwenye vaisi, apige nyundo mpaka vikunjike, kisha aangalie ndani ya mshono. Mshono ukiachia kabla chuma chenyewe hakijakunjika, bado hajafika. Aanze na benchi, au rafu ya vifaa. Akitaka stendi kwa lazima, achomelee miguu, lakini shingo na sahani ampe fundi aliyezoea, na aongeze vipande vya pembetatu vya kuitegemeza shingo. Na hata stendi ikiwa imara namna gani, mkono wa mtu usiingie chini ya injini.

Shingo iliyong'oka nimeiacha bila kuipaka chochote. Nitaweka picha yake hapa kesho kukiwa na mwanga. Waliosifu ile ya kwanza waje waiangalie na hii.